Gazeti Lililofungiwa Kabatini

Mwanzoni mwa Oktoba, mtaa wetu wote wa mji wa Vratsa, Bulgaria, hunukia pilipili hoho za kuchoma. Watu hushuka kutoka ghorofani na majiko yao. Huchoma, humenya na kusaga mbele ya gereji, kisha huweka akiba ya lutenitsa, rojo la pilipili la kupaka mkate wakati wa baridi.

Jumamosi hiyo familia ya Stoil nayo ilikuwa kazini. Stoil ni dereva wa lori la maziwa. Yeye alichoma. Mkewe Nevena, mkutubi wa shule ya sekondari, alimenya. Binti yao Biliana, mwanafunzi wa darasa la kumi na moja katika shule hiyohiyo, alitoa mbegu.

"Mwanangu, hizo mbegu zimekukosea nini?" Stoil aliuliza. "Unazing'oa kama unang'oa meno ya mkuu wa shule."

"Ningeyapata hayo meno, ningeyang'oa," Biliana alijibu.

Jirani yao Tsonka alicheka. Kila mwaka Tsonka huja na kigoda chake na kisu chake kuwasaidia. Mtaani wote humwita Shangazi. Alifanya kazi katika gazeti la mji wetu mpaka alipostaafu, kwanza kama mwandishi, kisha kama mhariri.

"Mkuu wa shule kafanya nini tena?" Shangazi Tsonka aliuliza.

"Amelizuia gazeti letu," Biliana alisema.

Wanafunzi wa shule ile wana gazeti lao. Linaitwa Kengele na hutoka kila mwezi. Biliana ndiye mhariri mkuu. Alhamisi nakala zilikuwa zimefika kutoka kwa mpiga chapa. Ijumaa asubuhi zilitakiwa ziwe juu ya meza ya maktaba, kama kawaida, kila mtu ajichukulie. Lakini meza ilikuwa tupu. Biliana alimwendea Mwalimu Yasen, mlezi wa gazeti. Mwalimu alimwambia kwamba Mkuu amelizuia, na kwamba hata yeye hakuulizwa.

"Sasa nakala ziko wapi?" Shangazi aliuliza.

"Nani ajuaye? Labda amezichoma."

Kisu cha Nevena kilisimama.

"Hazijachomwa," alisema polepole. "Ziko maktaba, ndani ya kabati la ramani. Mimi ndiye niliyezifungia."

Biliana alimtazama mama yake.

"Wewe, mama?"

"Mkuu aliniletea mwenyewe. Akasema, Nevena, weka hizi, usimpe mtu. Nikasema sawa."

"Jana nilikuja maktaba nikakuuliza."

"Ulikuja."

"Ukaniambia hujui."

"Nilikwambia sijui," Nevena alisema, na macho yake yakabaki kwenye bakuli.

Stoil aliweka koleo chini. "Ulitaka afanye nini? Mkataba wake unaisha Desemba. Anayeusaini ni nani? Ni huyohuyo Mkuu. Nyumba hii haiendeshwi kwa gazeti."

Biliana alisimama akapangusa mikono. "Sawa. Basi leo naliweka gazeti zima mtandaoni. Na juu yake naandika kwa herufi kubwa: UDHIBITI."

"Na jina la mama yako utaliandika kwa herufi gani?" baba yake aliuliza.

Biliana alimgeukia baba yake. Machozi yalimlengalenga. Shangazi Tsonka alivuta kigoda kilichokuwa kitupu.

"Kaa, binti. Kabla hujaliweka popote, nisomee hiyo habari iliyowakosesha watu usingizi."

Biliana alikaa. Alitoa simu na kusoma. Habari ilisema kwamba paa la ukumbi wa michezo linavuja tangu masika. Ukumbi umefungwa. Wanafunzi hufanyia mazoezi kwenye korido. Mwezi uliopita Radina, wa darasa la tisa, aliteleza kwenye sakafu ya korido yenye maji yaliyotiririka kutoka ukumbini, akavunjika mkono. Mwisho habari ilisema: "Kila mtu anajua kwamba kazi ya paa amepewa shemeji wa Mkuu. Ndiyo maana haianzi."

Shangazi aliendelea kumenya.

"Kila mtu ni nani?" aliuliza.

"Watu wote shuleni."

"Nitajie mmoja."

Biliana alifikiri. "Momchil. Naibu wangu."

"Momchil kajuaje?"

"Pale kwenye uzio kuna ubao wa fundi. Umeandikwa Gergov. Na mke wa Mkuu, kabla hajaolewa, alikuwa Gergova, jina lilelile kwa mwanamke."

Stoil aliguna. "Hapa Vratsa hata paka wanaitwa Gergov."

Nevena alitabasamu kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. Biliana hakutabasamu.

"Kwa hiyo, Shangazi, na wewe unasema Mkuu alifanya vizuri?"

"Sijasema hivyo. Nisikilize. Zamani, chama cha kikomunisti kilipotawala, palikuwa na bwana mmoja ghorofa ya juu pale gazetini. Tulimpelekea kurasa kabla ya kuchapa. Alikata alichotaka. Katika miaka yote ile hakuniuliza hata siku moja, Tsonka, umejuaje? Hakujali kama jambo ni kweli. Likiwa kweli ndiyo alizidi kukasirika. Huo ndio udhibiti. Baadaye yule bwana akaondoka, mimi nikawa mhariri. Nami nilikata maneno ya watu, tena mengi. Waandishi vijana walininunia. Lakini kwanza niliwauliza: umejuaje? Umemuuliza na huyo unayemsema? Hiyo ni kazi ya mhariri. Mtu akikuhariri, habari yako hutoka ikiwa na nguvu zaidi. Akikudhibiti, haitoki kabisa."

"Na Mkuu amefanya lipi?"

"Amechanganya. Ile sentensi ya shemeji ana haki ya kuilalamikia. Kama ni uongo, umemchafulia mtu jina, na shule inaweza kushtakiwa. Lakini paa linavuja. Hilo hana haki ya kulificha. Halafu kuna kosa kubwa zaidi. Habari inamsema yeye, na anayeamua kama itoke ni yeye. Hakuna mtu anayepaswa kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe."

"Sasa nifanye nini? Ninyamaze?"

"Usinyamaze. Na usipige kelele kabla hujajua unachokipigia kelele. Nenda kwa Radina. Nenda kwa huyo Gergov. Kisha nenda kwa Mkuu, mwombe akuonyeshe sentensi ipi si kweli."

"Akikataa?"

"Kuna baraza la wazazi." Shangazi alimgeukia Stoil. "Wewe si mzazi?"

Stoil aliokota koleo na kuanza kugeuza pilipili ambazo zilikuwa zimekwisha iva.

Jumapili Biliana alikwenda kwa Radina. Alimkuta sebuleni, mkono wake ndani ya plasta iliyochorwa na marafiki.

"Nimesikia umeniandika gazetini," Radina alisema. "Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Tangu nianguke wananiita gunia la viazi. Ulitaka na mji mzima uniite hivyo?"

Biliana aliona haya. Alikuwa ameandika kwa ajili ya kumtetea Radina, lakini hakuwahi kuzungumza naye hata mara moja.

"Nisamehe," alisema. "Nitalitoa jina lako. Ukitaka nitaitoa habari yako yote."

Radina alifikiri. "Habari iache. Jina toa. Andika mwanafunzi wa darasa la tisa. Na andika kwamba sakafu ilikuwa na maji na hapakuwa na mtu aliyetuonya. Hilo hukuliandika."

Ni kweli, hakuwa ameliandika.

Siku iliyofuata, baada ya masomo, Biliana alipiga namba iliyokuwa kwenye ubao wa uzioni. Fundi Gergov alipokea. Biliana alijitambulisha, kisha akauliza moja kwa moja kama ana undugu na mke wa Mkuu.

Mzee yule alicheka mpaka akakohoa. "Mimi mtu wa mji wa Montana, si wa hapo Vratsa, binti yangu. Huyo mama simjui hata kwa sura."

"Basi kwa nini kazi haianzi?"

"Unaniuliza mimi? Nilishinda zabuni tangu Juni. Ubao nikauweka. Lakini manispaa haijatia sahihi. Kila nikipiga simu naambiwa anayesaini yuko likizo. Likizo gani hiyo ya miezi mitatu? Hata maaskofu hawapati."

Biliana aliandika kila neno. Alimwomba ruhusa ya kumtaja, naye akakubali. Alipokata simu aliifungua tena habari ya kwanza. Sentensi aliyoipenda kuliko zote katika habari yake ilikuwa ya uongo. Na ukweli ulikuwa mzito kuliko uongo ule.

Usiku ule ule aliandika upya, na asubuhi akaenda ofisini kwa Mkuu pamoja na Mwalimu Yasen. Mkuu wa shule, Bwana Kamenov, ni mtu mrefu, mwenye miwani. Aliwakaribisha viti lakini uso wake ulikuwa mgumu.

"Najua mnachotaka," alisema. "Lakini Kengele ni gazeti la shule. Karatasi inalipiwa na shule. Kukiwa na kesi, atakayeitwa mahakamani ni mimi, si nyinyi."

"Ni kweli, Mkuu," Biliana alisema. "Tena ile sentensi ya shemeji ni uongo. Nimempigia fundi. Nimeitoa. Naomba unisamehe."

Bwana Kamenov alivua miwani. Hakuwa amelitarajia hilo.

"Mke wangu alilia," alisema. "Sawa. Yamekwisha."

Biliana aliweka karatasi mezani. "Hii ndiyo habari mpya. Naomba unionyeshe ni sentensi ipi si kweli."

Mkuu alisoma. Alisoma tena. Nje, darasa la saba lilikuwa likikimbia kwenye korido, na mwalimu wao alikuwa akipiga filimbi.

"Suala si ukweli," alisema hatimaye. "Suala ni wakati. Kila mwaka tunapata watoto wachache zaidi. Wazazi wakisoma kwamba paa linavuja na mtoto amevunjika mkono, watawapeleka watoto shule nyingine. Tukipungua zaidi, tutaunganishwa. Walimu watakosa kazi. Na mkutubi pia atakosa kazi, Biliana. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria," Biliana alisema. "Lakini wazazi wenye watoto humu wanafikiri ukumbi unafanya kazi. Mkuu, unaweza kujibu. Tutalichapa jibu lako ukurasa uleule, bila kulikata."

"Nimesema si sasa."

"Basi tunaomba sababu zako kwa maandishi," Mwalimu Yasen alisema.

"Nitafikiria," Mkuu alijibu, akasimama. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Jioni ile, mezani, Biliana alieleza yote, hata lile neno la mkutubi. Stoil alitikisa kichwa na kusema, "Si nilikwambia?" Nevena aliondoa sahani mezani. Aliosha vyombo, akakausha mikono, akaenda kulala mapema.

Kesho yake, kabla ya kengele ya kwanza, Nevena aligonga mlango wa Mkuu. Aliweka ufunguo wa kabati la ramani mezani pake.

"Huu nini?" Bwana Kamenov aliuliza.

"Ufunguo wa lile kabati. Nakala zimo, hakuna iliyotoka. Ukitaka kuendelea kuzifungia, zifungie wewe. Mimi nimefanya kazi maktaba hii tangu Biliana hajazaliwa, na kazi yangu ni kuwapa watoto vitu vya kusoma. Ijumaa nilimdanganya binti yangu machoni. Sitaweza tena."

"Nevena, unajua mkataba wako…"

"Najua unaisha lini," Nevena alisema. "Siku njema, Mkuu."

Alirudi maktaba. Akaanza kupanga vitabu vilivyorudishwa. Mchana alimsimulia Stoil kwa simu. Stoil aliegesha lori pembeni ya barabara.

"Hilo baraza la wazazi," Stoil aliuliza, "linakutana lini?"

Baraza lilikutana Alhamisi, katika chumba cha biolojia. Bwana Kamenov alikuwepo, na Mwalimu Yasen, na wazazi wengi kuliko kawaida, maana maneno yalikuwa yamekwisha enea. Baba mmoja alidai Mkuu afukuzwe. Mama mmoja alidai gazeti lifutwe kabisa, watoto wasome hesabu. Kelele zikawa nyingi. Ndipo Stoil aliponyoosha mkono. Kwa miaka yote alikuwa amekaa nyuma, hajawahi kusema neno.

"Mimi nabeba maziwa," alianza, kisha akasafisha koo. "Maziwa yakiharibika, lazima yarudi. Hapo sina ugomvi. Nisipoyarudisha, watoto wataumwa. Lakini yameharibika au hayajaharibika, haamui mwenye ng'ombe peke yake. Wala haamui dereva peke yake. Tunampa mtu wa kupima. Akisema mabovu, anasema ubovu wake ni upi. Nadhani na gazeti ni hivyohivyo. Basi."

Akakaa. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nani atapima?" mama wa hesabu aliuliza.

Swali hilo liliwaweka mpaka giza likaingia. Mwalimu Yasen aliandika ubaoni, watu wakabishana, akafuta, akaandika tena. Mwishowe walikubaliana hivi. Wanafunzi wahariri ndio wanaochagua habari. Mlezi husoma kabla ya kuchapa. Habari inaweza kuzuiwa kama ina uongo, au inamchafulia mtu jina, au inaanika siri ya mwanafunzi bila ridhaa yake, au inahatarisha watu. Kuiaibisha shule si sababu. Anayezuia ataandika sababu yake. Anayesemwa hupewa nafasi ya kujibu kabla ya kuchapa. Na mtu yeyote anayesemwa katika habari, awe mkubwa au mdogo, hashiriki katika kuiamua. Hapo mlezi ataamua pamoja na mzazi mmoja wa baraza.

Macho yote yalimgeukia Mkuu.

"Na mimi nikisemwa," Bwana Kamenov aliuliza, "nitapewa nafasi kiasi gani ya kujibu?"

"Kiasi kilekile cha habari yenyewe," alijibu Mwalimu Yasen.

Mkuu alikaa akitazama ule ubao. "Nitahitaji zaidi kidogo," alisema. Watu walicheka, na yeye akacheka. "Haya. Nakubali."

Nakala za zamani hazikutoka, kwa sababu zilikuwa na uongo na jina la Radina. Biliana mwenyewe ndiye aliyezipeleka kwenye pipa la karatasi. Toleo jipya lilichapwa wiki iliyofuata. Habari ya paa ilikuwa ukurasa wa kwanza. Chini yake palikuwa na jibu la Mkuu. Alieleza kwamba alikuwa ameiandikia manispaa mara nyingi bila kujibiwa. Aliandika pia kwamba alikosea kutowaambia wazazi, na kwamba tangu siku hiyo hakuna mazoezi tena kwenye korido.

Wengi hawakujua kama Mkuu alikuwa amehangaika hivyo. Wale waliokuwa wakimnung'unikia walianza kuuliza swali jingine: huko manispaa kuna nini? Wazazi walilichukua gazeti wakaenda nalo kwenye kikao cha madiwani. Mama wa hesabu ndiye aliyelisoma kwa sauti. Sahihi ilipatikana kabla ya theluji ya kwanza. Fundi Gergov alianza kazi, na baada ya mwaka mpya ukumbi ukafunguliwa.

Mkataba wa Nevena ulisainiwa Desemba. Bwana Kamenov alimrudishia pamoja na ufunguo wa kabati la ramani.

Kwa Biliana, mtihani ulikuja Februari. Msichana mmoja wa darasa la nane alileta makala. Ilisema kwamba Kengele linadai usawa, lakini kila mwezi linachapa mashairi ya marafiki wa mhariri tu.

Biliana aliisoma, masikio yakamwaka. "Haina uzito," alisema, akaiweka pembeni. "Tena imejaa makosa ya tahajia."

Momchil aliiokota, akaisoma naye. "Unasema hivyo kama mhariri," aliuliza, "au kama Biliana?"

Biliana alitaka kumjibu kwa ukali. Akajizuia. Aliitazama ile makala kwa muda, kisha akasema, "Nasemwa mimi. Siruhusiwi kuiamua. Ipeleke kwa Mwalimu Yasen na yule mzazi wa baraza, wao waamue."

Mwalimu Yasen alimpa Momchil kazi ya kupitia matoleo yote ya mwaka ule. Msichana yule alikuwa amesema kweli. Waandishi wa mashairi wote walikuwa wa darasa la Biliana. Makala ikasahihishwa tahajia tu, ikatoka ukurasa wa pili. Biliana alipewa nafasi ya kujibu. Jibu lake lilikuwa fupi: ni kweli, na kuanzia sasa tunapokea mashairi kutoka madarasa yote.

Yalikuja mashairi mengi. Mengine yalikuwa mabaya sana. Biliana aliyasoma yote.